Jicho la mwanadamu na mawe ya Mirihi

Cabramatta ni kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney, Australia, ambako wakimbizi wengi wa Vietnam walipata makao baada ya vita vya nchi yao kumalizika mwaka 1975. Kitongoji hicho kina tamasha lake la mwezi. Kwa Wavietnam, madoa ya mwezi mpevu ni Cuội, mtu aliyeketi chini ya mti. Mataifa mengine huona sungura katika madoa hayo hayo.

Tabia hiyo ya jicho imeandamana pia na utafutaji wa uhai katika sayari ya Mirihi. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima kilichofanana na uso wa mtu. Picha bora zaidi za mwaka 2001 zilionyesha kilima cha kawaida. Mnamo Januari 2014 jiwe lilionekana mbele ya kigari Opportunity mahali ambapo siku chache kabla hapakuwa na kitu. Ikabainika kuwa gurudumu la kigari chenyewe ndilo lililolivunja na kulisogeza.

Kigari Perseverance kilitua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021. Picha zake hutolewa kwenye intaneti, hata mkazi wa Cabramatta akaziona sawasawa na mtaalamu wa California.

Basi tofauti yao i wapi? Mwanajiolojia wa Australia, Abigail Allwood, alichunguza mawe ya Pilbara, magharibi mwa nchi hiyo, yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.4, akaonyesha kuwa maumbo yake yalijengwa na vijidudu. Lakini mwaka 2018 yeye na wenzake walipinga dai kama hilo kuhusu mawe ya Greenland, wakisema huenda maumbo yake yalitokana na kukunjwa kwa miamba. Mtaalamu huyo ndiye aliyeongoza utengenezaji wa PIXL, kifaa cha Perseverance kinachopima kemikali za mawe kwa eksirei.

Mwezi Julai 2024 kigari hicho kilikuta jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls, lenye madoa kama ya chui. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2025 ulieleza kuwa madoa hayo yana dalili za madini ya chuma yenye fosforasi na salfa, ambayo duniani huweza kutokana na kazi ya vijidudu. Hata hivyo, madini hayo huweza kutokea pia pasipo uhai. Kwa hiyo watafiti walinena juu ya ishara yamkini, si uthibitisho.

Kipande cha jiwe hilo kimehifadhiwa ndani ya mrija, na mrija ungali Mirihi. Usipofikishwa katika maabara za dunia, madoa yale yatabaki kama madoa ya mwezi: kila mtu atayasoma apendavyo.