Taa Iliyokula Miguu ya Baba
(Hotuba ya mgeni rasmi, maonyesho ya wanafunzi wa chuo cha ufundi)



Kabla ya kupanda hapa nimepita kwenye mabanda. Binti mmoja amenionyesha kiatu chenye kipande cha kauri kisiginoni. Akakanyaga, taa ndogo ikawaka. Nimeganda pale hadi ratiba ikachelewa. Mniwie radhi.

Nimemkumbuka marehemu baba. Baiskeli yake ilikuwa na dainamo iliyosugua ubavu wa tairi. Usiku tukitoka kusaga, unga nyuma, mimi mbele kwenye bomba, taa ilituonyesha njia. Tukifika mlimani alisimama, akaivuta dainamo mbali na tairi, tukapanda gizani. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, “Taa hii inakula miguu yangu.”

Fizikia nzima imo mle. Sumaku ikizunguka karibu na koili, umeme unazaliwa; Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Ila ukiuchukua umeme huo, sumaku inakuwa nzito kuzungusha. Na wati 3 tu za dainamo baba alizisikia magotini!

Kiatu cha binti kinafuata njia nyingine, ya ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliogundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Hata kile kibonyezo cha jiko la gesi, kinacholia “ta!”, kinafanya kazi hivyo. Vipande vya aina hiyo vilivyojaribiwa viatuni huko MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990 havikufikisha miliwati 10, lakini vilitosha kurusha ishara ya redio kila baada ya hatua chache.

Simu janja nyingi zikichajiwa zinataka wati 5 na zaidi. Kwa hiyo nawasihi, vijana, msimwahidi mama ntilie kwamba atachaji simu akitembea kwenda sokoni. Tafuteni kazi inayolingana na hatua. Swichi za taa zisizo na waya wala betri, zinazotumia nguvu ya kidole kinachobonyeza, zipo tayari. Mashine ya kusaga inatetemeka kutwa. Kwa nini mtetemo huo usiendeshe kipimajoto cha beringi, fundi akaonywa kabla haijaungua? Hiyo naitamani kwa moyo wote.

Nimeambiwa karakana ina mita moja tu ya kupimia umeme. Nitaleta nyingine nne wiki ijayo. Na wewe binti, nisubiri bandani tupime kiatu chako pamoja, chai itangoja.

Natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.