Deni na Nguvu: "Shall" na "May" katika Kiswahili cha Sheria



Nimechagua maneno mawili madogo ya Kiingereza, "shall" na "may", kwa kuwa mara nyingi haki ya mtu huyategemea. Tangu mwaka 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kuyafasiri kumekuwa jambo zito zaidi.

Katika Kiingereza cha kale, "shall" lilikuwa na maana ya kuwiwa deni, na "may" kuwa na nguvu. Deni likazaa amri. Nguvu ikazaa ruhusa. Sheria ya Tanzania kuhusu tafsiri ya sheria, Sura ya 1, huyatenganisha vivyo hivyo: mamlaka yanayotolewa kwa "may" ni ya hiari, na jukumu linalotolewa kwa "shall" ni la lazima.

"May" halitutatizi sana. Kitenzi chetu -weza nacho kimesafiri kutoka uwezo hadi ruhusa. Katika ukanushi, hata tunakizidi Kiingereza kwa uwazi. "May not" huweza kukataza, au kueleza tu kwamba huenda jambo lisifanyike. Sisi husema "haruhusiwi kumwachisha kazi" kwa maana ya kwanza, na "huenda asimwachishe kazi" kwa ya pili.

Tatizo ni "shall". Mara nyingi hufasiriwa kwa kiambishi -ta-: "Mwajiri atampa mfanyakazi mkataba wa maandishi." Lakini wanaisimu wengi huona kuwa -ta- kimetokana na kitenzi taka, na umbo "atakayekuja" lingali linahifadhi asili hiyo. Basi tumechukua neno la deni tukaweka mahali pake neno la utashi. Mwanasheria husoma amri. Mfanyakazi husoma ahadi, au utabiri tu. Asiyejua kwamba anadai hatadai.

Waingereza wenyewe si kigezo cha milele. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika matini yake ya Kiingereza, iliacha "shall" ikatumia "must". Nasi tunayo maneno "lazima" na "sharti", yanayoeleweka sokoni na mahakamani.

Kwa hiyo, rai yangu ni moja: penye wajibu, tuseme wajibu, -ta- tukiachie wakati ujao.