Mji wa Mikindani

Mji wa Mikindani u karibu na Mtwara, kando ya ghuba tulivu ambamo majahazi hujisitiri na pepo kali. Machi 1866 Livingstone aliukuta mlango wa mto Ruvuma umezibwa na mikoko, hapana njia ya kupitisha ngamia wake. Akaja kushukia Mikindani, ndipo akashika njia ya bara. Zama zile watumwa waliletwa kutoka bara, wakapakiwa vyomboni katika pwani hii.

Mwaka 1895 Wadachi walijenga boma lao hapa. Lakini mradi wa karanga ulioanza 1947 ulitaka bandari ya meli kubwa, ikachaguliwa Mtwara. Mradi ulikomeshwa 1951, wala Mikindani haikurudishiwa shughuli zake.

Baadaye boma lilitengenezwa, likawa hoteli. Bali nyumba nyingi za matumbawe, zenye milango ya nakshi na roshani, zimebomoka. Chokaa ikibanduka, mvua huingia, na ukuta huanguka. Basi tukiwaonyesha wageni boma la watawala, tusisahau kuzitia chokaa nyumba za wazee wetu. Kwani ukuta ukianguka, na habari za waliokaa ndani hupotea.