Kurusha na Kushusha Eropleni Ndogo



Leo twapenda kuzungumza habari za eropleni ndogo zisizochukua mtu, ambazo mrushaji husimama chini na kuziongoza kwa mawimbi ya redio. Chombo hiki hununuliwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi huvunjika siku ile ile ya kwanza, wakati wa kuondoka ardhini au wa kurudi. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayoeleza, hasa kwa wenzetu wa Mpanda na nchi yote ya Katavi, maana huko hewa yenyewe ina tabia yake.

Mji wa Mpanda uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,000. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Nayo eropleni huchukuliwa na hewa ipitayo mabawani. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hayana budi kwenda mbio zaidi. Eropleni iondokayo ardhini Dar es Salaam asubuhi kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa, itahitaji kama kilometa 27 huko Mpanda wakati wa joto la mchana. Tofauti yaonekana ndogo, walakini ndiyo ivunjayo mabawa ya wanaoanza. Yafaa basi kurusha asubuhi, saa moja au saa mbili, hewa ingali baridi na upepo haujaamka sana.

Upepo nao una kazi yake. Atazamaye mwari katika Hifadhi ya Katavi, ndege yule mzito mwenye mfuko chini ya mdomo, ataona kwamba hukimbia juu ya maji akiuelekea upepo, ndipo apae. Ndugu wawili wa Marekani, Wright, walifanya vivyo hivyo: tarehe 17 Desemba 1903, pale Kitty Hawk, mahali walipopachagua kwa ajili ya upepo wake, eropleni yao iliruka sekunde 12 ikiukabili upepo mkali. Tupa majani makavu hewani, uone yanakokwenda, kisha uelekeze pua ya chombo kinyume chake.

Kiwanja kiwe kipana, mbali na nyumba, nyaya, mifugo, na uwanja wa ndege wa Mpanda. Sheria ya siku hizi yataka kibali cha kurusha vyombo visivyo na rubani, na ndani ya hifadhi havirushwi bila ruhusa. Ulizeni kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mashamba ya mpunga ya Mpimbwe yakisha kuvunwa huvutia kwa upana wake, lakini matuta ya majaruba hunasa magurudumu. Mahali kama hapo heri eropleni ya kurushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo, mfano wa zile zilizotumiwa kupima Unguja na Pemba tangu mwaka 2016.

Sasa tuondoke. Mkononi una chombo chenye vijiti viwili. Katika vyombo vingi, cha kushoto huongoza nguvu ya mota na usukani wa mkia. Cha kulia huinua pua na kulaza mabawa. Simama nyuma ya eropleni, uongeze nguvu kidogo kidogo. Rafadha itaivuta upande, kwa kawaida kushoto. Irudishe kwa usukani. Usiivute pua upesi! Mwanafunzi aonapo magurudumu yameinuka hufurahi, akavuta kijiti kwa nguvu. Pua huelekea mbinguni, mwendo hufa, hewa huacha kuyashika mabawa, na chombo huanguka ubavu. Iache ikimbie mpaka iwe nyepesi yenyewe, kisha ipande taratibu, kama kilima ambacho mtu hukipanda kwa baiskeli bila kushuka, wala usigeuze kabla haijapita juu ya miti.

Kutua ni kugumu zaidi, kwa sababu eropleni yakujia. Ilipokuwa ikienda, kulia kwake kulikuwa kulia kwako. Ikirudi, ni kama mtu anayekukabili, mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Hila iliyo njema ni hii: tazama bawa gani limelala chini, upeleke kijiti upande wa bawa hilo, kana kwamba walitegemeza kwa nguzo. Nalo litainuka.

Uielekeze penye upepo ingali mbali, upunguze nguvu ya mota. Wengi wakiiona yashuka mno huvuta pua. Sivyo. Ikishuka mno, ongeza nguvu ya mota. Pua ni ya kulinda mwendo. Kama haikukaa sawasawa, au ng'ombe ameingia kiwanjani (nao huingia), ongeza nguvu yote, ipae, uzunguke tena. Si aibu; marubani wa eropleni kubwa hufanya hivyo pia. Kwa hiyo weka akiba ya betri kwa mzunguko huo.

Ifikapo kimo cha goti, zima mota, uvute kijiti polepole sana, kana kwamba waizuia isitue. Itaishiwa na mwendo, na magurudumu makuu yatagusa kwanza. Ikisimama, usiishike kwa mbele, maana kidole kikigusa kijiti, rafadha huzunguka na kukata. Iendee kwa nyuma, uchomoe betri, ndipo uiinue; na chombo cha kuongozea kizimwe mwisho.