Daftari kwanza, mbegu baadaye

Ng'ombe wa maziwa asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili zenyewe kwa kawaida hazimalizi siku. Mfugaji asiyeandika tarehe akipitwa, atamlisha wiki tatu nyingine bure. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, na vyuo vyenzake vinapaswa kupeleka wanafunzi zizini wafundishe kuweka kumbukumbu kabla ya kusifia mbegu za kisasa. Mtasema mbegu bora ndiyo huongeza maziwa. Kweli, ila uhimilishaji uliofanywa saa isiyofaa ni fedha iliyomwagwa. Gharama za safari? Waanze na vijiji jirani, warudi kila mwezi, na wamsikilize mama anayekamua alfajiri: dalili huziona yeye kwanza.