Mali Bila Daftari: Mbio za Kibondo na Kasulu



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini unaufaa uwanja wa mbio kama unavyolifaa duka. Mashindano yanapokwisha watu hushangilia, mshindi hubebwa juujuu, kisha kila mmoja hurudi kwake. Baada ya wiki moja, anayeulizwa kijana yule alitumia muda gani hujibu kwamba alikimbia sana. "Sana" si matokeo. Matokeo ni jina, umri, kijiji, masafa na muda. Yasipoandikwa, jasho lote limemwagika bure.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wilaya hizi mbili. Nyanda za juu za Buha zimeinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa huku hujifunza kupanda kilima kabla ya kujifunza kusoma. Ng'ambo ya mpaka wa Burundi, ambao kwa sehemu ni Mto Malagarasi, vilima ni vilevile, na Kirundi kinachosemwa huko kinasikilizana na Kiha. Huko ndiko alikozaliwa Vénuste Niyongabo, katika uliokuwa mkoa wa Makamba unaopakana na Kigoma.

Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Nchi ilikuwa vitani, na maelfu ya wananchi wake walikuwa wamekimbilia Tanzania, pamoja na Kibondo na Kasulu. Niyongabo alikuwa miongoni mwa mabingwa wa mita 1,500 duniani, lakini nafasi yake katika mbio hizo alimwachia mwenzake, Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amehangaika miaka mingi ili nchi yao ikubaliwe katika Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, masafa aliyokuwa ameshindania mara chache mno. Alishinda medali ya dhahabu kwa dakika 13 na sekunde 7.96.

Miaka 20 baadaye, Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba, mzaliwa wa uliokuwa mkoa wa Ruyigi unaopakana na Kibondo, alipata medali ya fedha katika mita 800. Mwaka 2021 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa wanawake, dakika 5 na sekunde 21.56. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba ardhi hii haioti wakimbiaji, wala kwamba mbio ni za wavulana tu.

Tanzania nayo ina fahari yake. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe. Mwaka 1980, kule Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha za Olimpiki. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Na mwezi Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na waliachana kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Baada ya kilometa 42 na zaidi, dhahabu na fedha zilitenganishwa na kipande cha wakati kifupi kuliko kupepesa jicho. Hiyo ndiyo thamani ya kupima.

Bayi, Ikangaa na Simbu wote walivaa sare ya Jeshi la Wananchi. Hilo si ajabu, kwa kuwa mkimbiaji anahitaji chakula cha uhakika, muda wa mazoezi na mwalimu wa kumsimamia. Lakini jeshi haliwezi kumwona kijana aliyeko kijijini kama hakuna karatasi inayomtaja. Kati ya kilima cha Kibondo na uwanja wa Tokyo pana ngazi nyingi, na ngazi ya kwanza kabisa ni ile karatasi ya matokeo inayojazwa na mwalimu wa shule ya msingi.

Historia ya Buha inafundisha jambo hilo kwa uchungu. Wakati wa ukoloni, eneo hili lilifanywa hifadhi ya vibarua. Vijana wenye nguvu waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba. Mkoloni hakusahau kuandika. Aliandika kila mguu uliofika shambani, kwa faida yake. Ni jambo la kusikitisha iwapo watu huru watashindwa kuandika kasi ya miguu ileile kwa faida ya watoto wao wenyewe.

Basi klabu ya riadha ya wilaya inapaswa kufanya nini? Kwanza, masafa yapimwe. Mbio za kutoka soko moja hadi jingine zinafurahisha, lakini njia isiyopimwa haitoi muda unaoweza kulinganishwa na wa mahali pengine. Kwa kamba iliyopimwa vizuri, kiwanja cha kijiji huweza kuchorwa mzunguko wa mita 400, na mizunguko 12 na nusu ni mita 5,000 kamili. Pili, wapima muda wawe zaidi ya mmoja, kwa kuwa kidole cha mtu mmoja huchelewa. Tatu, njia ileile itumike kila mwezi, ili kijana ashindane si na jirani yake tu, bali na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Nne, miruko na mitupo isisahauliwe. Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha mwaka 1965 kule Brazzaville, naye hakukimbia, alitupa mkuki.

Tano, matokeo yote yaandikwe, ya wa kwanza hadi wa mwisho. Ipo tabia ya kuandika watatu wa mbele na kuwatupa waliobaki. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti katikati ya marathoni. Wakimbiaji 75 walianza na 57 walimaliza, na wa 57 alikuwa yeye, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Aliona kwamba nchi yake ilimtuma amalize, si aanze tu. Leo ulimwengu unamtaja wa mwisho yule kuliko wengi waliomtangulia, kwa sababu alifika, na muda wake uliandikwa. Zaidi ya hayo, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa wa tisa kati ya wakubwa huenda ndiye hazina kuliko mshindi wa miaka 25. Asiyeandika umri na nafasi hawezi kumgundua.

Wapo watakaosema kwamba viatu, fedha na uwanja bora vitangulie. Kweli, vyote vinahitajika, na viongozi hawana haki ya kujificha nyuma ya daftari ili wakwepe kuvitafuta. Karatasi peke yake haimlishi mkimbiaji. Lakini anayeomba msaada bila matokeo anaomba kwa maneno matupu, na anayekwenda na matokeo ya miaka mitatu anakwenda na ushahidi. Bei ya saa ya kupimia, kamba na daftari ni ndogo kuliko ya jezi za timu moja ya mpira.

Tena daftari ni kinga dhidi ya upendeleo. Wakati wa kuchagua timu za UMITASHUMTA na UMISETA, asiye na ndugu kwenye kamati huachwa kwa urahisi pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Saa haina mjomba. Muda uliobandikwa ukutani, mbele ya wazazi wote, hauwezi kufutwa kwa mnong'ono.

Ndugu walimu, mwaka 2012 wilaya za Kakonko na Buhigwe zilimegwa kutoka Kibondo na Kasulu. Mipaka imebadilika, lakini vilima havijahama, wala watoto hawajaacha kukimbia. Wanakimbia asubuhi hii kwenda shule. Hapana budi mtu mzima mmoja, katika kila shule, asimame na saa mkononi na kalamu tayari, aandike majina yao.