Udongo Wetu na Elimu Mbili

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, Mbekenyera



Hii ni sherehe ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Waliotutangulia wamekwisha kusoma hesabu za korosho, ufuta na mbaazi, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Sisi wa Mbekenyera twaomba kunena juu ya kitu kisichoandikwa katika kitabu cho chote cha hesabu, nacho ni udongo. Kila kilo inayopita juu ya mizani yetu imetoka humo, wala hatujapata kuuliza hata mwaka mmoja umebakiwa na nguvu kiasi gani.

Wazee walioketi hapa mbele walisimuliwa na baba zao habari za karanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walizunguka wiki tisa, wakarudi na shauri la mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Katika hayo 80 yalikuwa ya Tanganyika, na katika hayo 80, mashamba 55 yalikuwa ya Jimbo la Kusini, yaani kwetu. Matrekta yakaja, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta, mnyororo ukafungwa baina ya mitambo miwili, ikaenda mbele pamoja huku miti ikianguka. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikaletwa hata Nachingwea. Januari 1951 shauri lote likavunjwa, nalo lilikuwa limekwisha kula paundi zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa.

Hatuyasemi haya ili kuwacheka. Mabwana wale hawakuwa wajinga. Walijua dawa za udongo na walijua mashine. Walichokosa ni subira ya kufanya majaribio ya kutosha kwanza, na ya kumsikiliza aliyekuwa akiishi hapa. Mkulima wa zamani aliutambua udongo kwa mti uotao juu yake. Alijua kwamba udongo wa kichuguu una rutuba kuliko wa kando yake. Alipanda mtama, mbaazi na kunde katika shamba moja, kimoja kikikosa mvua kingine kipate. Shamba likichoka aliliacha miaka mingi, kichaka kikarudi, nguvu ikarudi.

Lakini tusijidanganye. Elimu hiyo peke yake haitutoshi leo. Watu wameongezeka, na mkorosho ukishapandwa haumpi mtu nafasi ya kuhama. Tena tumeigawa elimu ya wazee vipande viwili: tumechukua moto wao, tukaacha mapumziko yao. Mtu hufyeka kichaka kipya, hukichoma, hupanda ufuta. Misimu michache ikipita, mavuno hupungua, naye huenda kufyeka kingine. Mahindi yakipandwa pale alipotoka, kiduha huyafyonza. Tukiendelea hivi, miaka kumi ijayo Chama kitakuwa na maghala makubwa kuliko mazao.

Basi wenzetu wamefanya nini? Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika Mkoa jirani wa Ruvuma, Wamatengo wa Mbinga hulima miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga chini kwa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile, hata pakawa na matuta pande zote nne na shimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi huoza chini ya matuta zikawa mbolea. Kwao nyasi ni mali; kwetu ni kitu cha kuchomwa.

Shinyanga ndiko kunakotufaa zaidi kwa mfano, kwa kuwa huko elimu mbili zilikutana. Nchi ile ilikatwa miti kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua pamba, hata ikawa uwanja mtupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mabwana miti hawakufanikiwa sana kwa miche ya kugawa. Walifanikiwa walipoikubali desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lipumzike wakati wa mvua hata kiangazi kifike. Mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikachipua yenyewe. Mwanzoni ngitili zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Sheria za vijiji ndizo zilizozilinda, si askari.

Na hata ng'ambo ya bahari mambo ni yayo hayo. Katika visiwa vya Hawaii, wenyeji waliigawa nchi yao vipande vinavyoanzia mlimani na kuishia baharini, maji yakapita katika majaruba ya magimbi kabla ya kufika pwani. Mashamba makubwa ya miwa yaliyageuza maji hayo njia. La mwisho, katika kisiwa cha Maui, lilifungwa mwaka 2016. Katika mashamba yaliyoachwa kisiwani humo zikaota nyasi ndefu zilizopelekwa kutoka huku kwetu Afrika kuwa malisho, na mwezi wa Agosti 2023 moto uliopita katika nyasi za namna hiyo uliuteketeza mji wa Lahaina, wakafa watu wapatao 100. Leo wako wenyeji wanaorudisha magimbi na mishelisheli, nao huchanganya maarifa ya babu zao na elimu iitwayo pamakalcha, iliyopewa jina na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, katika miaka ya 1970. Maana yake ni kilimo cha kudumu: maji yazuiwe kabla hayajakimbia, udongo usiachwe uchi, na mimea ipangwe isaidiane. Mzee wa Mbekenyera akielezwa haya huenda akauliza, jipya ni lipi?

Sasa twaja kwetu. Mikorosho mipya hupandwa mita 12 kwa 12, na kabla matawi hayajakutana pana nafasi kubwa katikati. Nafasi hiyo twaweza kuipanda mbaazi na kunde, ambazo mizizi yake huutia udongo naitrojeni na majani yake huufunika. Twajua mtakalosema: mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zitokazo nje, bei ilianguka, na wengi waliapa kutozipanda tena. Hasira hiyo ni ya haki. Hata hivyo mbaazi isiyouzwa bado huliwa nyumbani, na bado huacha majani shambani. Ufuta haufanyi hivyo.

Twajua pia kwamba kiberiti ni rahisi kuliko mgongo wa mtu. Kwa hiyo hatuwataki wanachama waamini maneno yetu. Twapendekeza kila chama cha msingi kitafute mwanachama mmoja atakayejitolea ekari moja ya ufuta: nusu asafishe kwa moto kama kawaida, nusu alaze nyasi bila kuchoma na kuchanganya mbaazi. Mavuno ya kila nusu yapimwe peke yake kwa mizani ya Chama, mbele ya wanachama, kwa misimu mitatu, na hesabu zake zisomwe katika mkutano mkuu pamoja na hizi nyingine. Mabwana shamba, na wataalamu wa Naliendele pale Mtwara, tutawaomba waje kuangalia. Hatuombi makato mapya. Twasikia mmeanza kunong'ona.

Majina ya watakaojitolea yatapokelewa na makatibu wa vyama vya msingi kabla ya watu kuanza kusafisha mashamba. La Mbekenyera limekwisha kupatikana, na ekari yenyewe iko kando ya barabara, ili kila apitaye aione.